Fundi Aliyevunja Utani

Hasira za Muhidini zilijulikana Kibiti nzima, kuanzia stendi mpaka msikitini. Hakuwa mtu wa kelele. Akikasirika alichukua spana namba kumi na nne, akaanza kuifuta kwa kitambaa, akaifuta na kuifuta tena hata kama ilikuwa safi, na wateja wenye akili walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli sokoni. Wasio na akili walibaki, na waliobaki waliambiwa ukweli wa pikipiki zao, ambao mara nyingi ulikuwa ukweli wao wenyewe.

Banda lake lilikuwa kando ya barabara ya Lindi: mabati manane, nguzo za mkoko, na benchi moja ambalo lilikaliwa zaidi na wasio na pikipiki kuliko wenye nazo. Ufundi hakuusomea popote. Miaka ya sabini alikuwa mfagizi wa ghala la ushirika, na bwana shamba alikuwa na pikipiki iliyokufa, amesema atakayeifufua ataruhusiwa kuipanda siku ya Jumapili. Muhidini akaifufua. Vipuri havikuwepo, kwa hiyo gasketi aliikata kwenye boksi la sabuni, na tairi lilipopasuka alilishindilia majani. Enzi hizo pikipiki ilinunuliwa kwa kibali, na kibali kilichukua miaka. Mtu alipokuja kupata ya kwake alikuwa ameshaendesha za wenzake, ameanguka nazo, amezipinda na kuzinyoosha. Muhidini hakuipenda enzi ile, asije mtu akamsingizia. Alikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na kuvaa viraka kama wengine. Alichosema ni kwamba enzi ile, kwa ubaya wake wote, ilimchelewesha mtu kujiua.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze na anunue atakacho. Korosho zikanunuliwa na kila mwenye mizani, kamba wa delta wakawa wanafuatwa na magari ya barafu kutoka Dar es Salaam, na kijana ambaye juzi hakuwa na baiskeli akashuka kwenye basi na pikipiki yake ikiwa juu ya keria. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Nani anataka kutembea kwa miguu? Lakini duka halikumuuliza mtu anajua nini, lilimuuliza ana nini tu, na hilo lilimuudhi Muhidini kuliko vumbi, kuliko malori, kuliko wapita njia wanaoazima pampu wasiirudishe.

Basi watu wenyewe wakazua utaratibu. Mtu akishapanda pikipiki ndogo kwa muda, na mfuko ukaanza kumwasha, humwendea Muhidini kumuuliza kama amefaa kupanda kubwa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila ilikuwepo. Na Muhidini hakuwa na haja ya kumtazama mtu akiendesha. Aliitaka pikipiki tu. Aliinama, akatazama soli za breki, akashika cheni, akanusa klachi, akaangalia vioo. Kioo kikiwa kimegeuzwa kumwonyesha mwenyewe uso wake, hukumu ilikuwa imekwisha. Klachi ikinuka kuungua, huyo aliambiwa arudi mwakani. Waliokasirika walikasirika, wakaenda kulalamika kwa mafundi wa Ikwiriri, na mafundi wa Ikwiriri wakawarudisha kwake.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Muhidini hakumwambia mtu, na ndilo lililomfanya aifute ile spana hata siku ambazo hakuna aliyemkosea.

Njia za kule ni mchanga. Ukitoka Kibiti kwenda Ruaruke, ukaendelea mpaka kwenye ghati za delta, ni mchanga unaoshuka chini ya gurudumu kama unga. Kwenye mchanga wa namna ile, mgeni wa pikipiki akishika breki ya mbele, usukani unajikunja na yeye anakwenda kula vumbi. Muhidini aliwaona wakija na meno yaliyovunjika, mmoja baada ya mwingine, akatafuta dawa. Dawa ikawa kufungua waya. Mtu akinunua pikipiki yake ya kwanza, Muhidini alifungua waya wa breki ya mbele, akauzungushia usukani, akamwambia: tumia mguu tu, breki ni hii ya nyuma. Na kweli, watu wakaacha kuanguka. Akasifiwa. Wengine wakatumia ule waya kutundikia mfuko wa sukari.

Hakuna aliyerudi kufungiwa waya wake. Na yeye hakumwita mtu.

Abdala ndiye aliyemfumbua macho. Kijana huyu alikuwa dereva mzuri wa mchanga, mwepesi, hana majivuno, na alipokuja kuuliza kama amefaa kupanda kubwa Muhidini alimwambia akanunue. Alisema hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Abdala alifaa, kwa jinsi Muhidini alivyojua kupima wakati ule. Ya pili ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kutia mkono kwenye injini kubwa ambayo hajawahi kuifungua. Abdala akanunua. Wiki ya kumi na moja, kwenye kile kipande cha lami cha kwenda Bungu, mbuzi akakatiza. Abdala akafanya alivyofundishwa, akakanyaga ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma likasimama, pikipiki haikusimama. Iliteleza ubavu mpaka chini ya lori lililokuwa linakuja. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti, na tangu hapo Abdala alikaa kwenye benchi la Muhidini kila asubuhi, akisoma magazeti ya juzi, akiwa na furaha zake. Hakumlaumu mtu. Alisema ni mbuzi.

Muhidini alijua si mbuzi. Pikipiki ile ilipoletwa bandani aliikagua: breki ya mbele ilikuwa nzima, imeungwa vizuri na waliomuuzia, na soli zake zilikuwa mpya kama siku zilipotoka kiwandani. Haikuwa imeguswa hata mara moja. Mkono wa Abdala haukujua kwamba breki ile ipo, na aliyeufundisha mkono ule kutojua alikuwa yeye.

Sasa ndipo anapoingia Ridhiwani.

Ridhiwani alikuwa mtoto wa Bi Tatu, shangazi yake Muhidini, dada wa baba yake. Binamu. Na kwa watu wa kule binamu ni mtani, hakuna mjadala. Muhidini alikuwa amemzidi miaka kumi na minne, lakini tangu yule mtoto ajue kusema hawakuwahi kuzungumza neno moja la maana. Waliulizana kwa nini hawajafa. Waligawana mirathi ya mwenzake akiwa amekaa palepale anasikiliza. Ridhiwani alimwita Salima, mke wa Muhidini, mke wangu, akimtaka amuwekee kitoweo kwa sababu mzee karibu anazikwa, na Salima alimwekea. Siku Muhidini alipougua homa ya matumbo, Ridhiwani alikuja na futikamba, akampima kitandani urefu na upana. Nyumba nzima ilicheka, na Muhidini, aliyekuwa hajala siku mbili, aliomba uji. Huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kufutiwa spana. Mtani hakasirikiwi, ukimkasirikia mtani, aibu ni yako.

Kazi ya Ridhiwani ilikuwa kusafirisha kamba wa delta. Alikuwa na pikipiki ndogo ya cc tisini, kila mtu akiiita Tisini tu, na kila alfajiri alikwenda ghatini kupokea kamba kwa wavuvi, akawajaza kwenye boksi la barafu nyuma ya kiti, akarudi nao kwa kasi mpaka Kibiti kabla gari la mnunuzi halijaondoka. Barafu haina subira. Akichelewa, kamba wanalegea vichwa, na mnunuzi anawakataa huku akiziba pua. Mwezi wa tano tangu aanze, baada ya kukataliwa mzigo mara mbili katika wiki moja, Ridhiwani aliamua kwamba kosa ni la Tisini.

Na kama shetani alikuwa anasikiliza, wiki ileile akafika Kibwana.

Kibwana alikuwa mchuuzi wa pikipiki zilizotumika, akizitoa mjini na kuzitembeza Kusini. Safari hii alileta moja tu, nyekundu, ya mia mbili na hamsini, ya aina ile ambayo dereva anailalia kifuani na magoti anayakunja nyuma. Mbele ilikuwa na breki ya sahani ya chuma inayong'aa. Alipoiwasha pale stendi, wauza machungwa waliacha kumenya. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshapewa jina, Kinyamkera, kama ule upepo wenye pepo unaozunguka uwanjani na kubeba majani, na kabla ya alasiri Ridhiwani alikuwa ameshaikalia.

Muhidini aliiona kwa mbali, mtu mwenye shati la bluu akiwa amelala juu ya tangi huku pikipiki imesimama, akijifanya anakata kona. Akajua ni nani.

Jioni Ridhiwani akaja bandani na Tisini, amejaa tabasamu. Akatangaza kwamba Ijumaa baada ya sala ananunua, na kwamba fundi anatakiwa aje kuikagua ile mashine kama desturi, ikiwa bado atakuwa hai. Watu wa benchi wakaanza kucheka mapema. Muhidini hakuwa na haja ya kuinama. Ule waya wa mbele wa Tisini ulikuwa pale pale alipouacha, umezungushwa kwenye usukani, na juu yake umetundikwa mfuko wa vitumbua.

Akamwambia asinunue. Akamwambia hajui kusimama, na asiyejua kusimama hana haki ya kukimbia. Akamwambia atakufa.

"Nife niende nikamwambie baba yako nini?" akauliza Ridhiwani. "Mwanao bado anapumulia mdomo?"

Benchi likaanguka kwa kicheko, Abdala akiwa wa kwanza. Muhidini akarudia, safari hii polepole, neno kwa neno, na kadiri alivyosema polepole ndivyo walivyozidi kucheka, maana waliona leo mzee anatania kwa ustadi, hata uso haubadiliki. Ridhiwani alifuta machozi. Akasema maneno yale atayatumia siku ya mazishi ya mzee mwenyewe. Akaondoka.

Hebu fikiria. Maisha yote umemwambia mtu atakufa kwa mzaha. Siku unayotaka kumwambia kweli utatumia maneno gani? Muhidini alibaki na spana mkononi, akaifuta mpaka Salima akamletea taa. Alikuwa na hasira na Kibwana, na ruksa, na barafu, na vile vichekesho vya miaka ishirini na kitu ambavyo sasa vilisimama mbele ya mdomo wake kama mlango. Zaidi ya vyote alikuwa na hasira na ule waya.

Desturi ina njia yake, alijikumbusha. Neno zito halipelekwi kwa mtani mkono kwa mkono. Linapitishwa kwa mkubwa asiyetaniwa. Asubuhi ya Alhamisi akafunga banda, akaenda Mkongo kwa shangazi yake.

Bi Tatu alikuwa shambani anapalilia ufuta. Muhidini akamwamkia, akaitikiwa, akachukua jembe akapalilia naye mstari mzima kwanza, kwa sababu jambo la namna ile halisemwi mtu akiwa amesimama mikono mitupu. Kisha akasema. Alisema vizuri. Alimtaja Abdala na mguu wake, alitaja lami ya Bungu, akataja breki. Akaomba mama amkataze mwanawe mpaka mvua za masika zipite, angalau, ajifunze.

Bi Tatu alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Ridhiwani, alisema, alikuwa ameshamtumia salamu jana kwa mtu wa basi, kwamba Muhidini atakuja analia, amejipaka majivu, anataka kumzuia mwenzake asinunue pikipiki nzuri kuliko zake, na kwamba mama asimwamini hata akipiga magoti.

"Umekuja kweli," akasema Bi Tatu. "Na kupalilia umepalilia. Nyie watoto mna kazi."

Muhidini akamwambia, shangazi, mie leo sina mzaha. Bi Tatu akamjibu kwamba ndivyo Ridhiwani alivyosema atasema. Akampa ufuta wa kumpelekea Salima. Muhidini aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, na njia nzima ya kurudi alitukana kwa sauti, akitukana mchanga na miti, maana hapakuwa na mwingine wa kusikia.

Ijumaa watu walitoka msikitini wakaja moja kwa moja bandani, na kanzu zao, kana kwamba ni ndoa. Kibwana aliileta Kinyamkera akiisukuma ili isichafuke. Ridhiwani alikuja nyuma yake na Tisini, amevaa miwani ya jua.

Muhidini akaikagua mashine. Alifungua plagi, akasikiliza injini kwa bisibisi sikioni, akazungusha magurudumu, akabonyeza ile breki ya sahani. Kibwana alisimama karibu akikohoa kidogo kidogo. Injini ile ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima kuliko injini yoyote aliyowahi kuisikia, na jambo hilo lilimwongezea hasira. Akasimama, akasema hivyo hivyo: pikipiki haina kosa. Kibwana akashusha pumzi, Ridhiwani akapiga makofi.

Ndipo Muhidini akaiendea Tisini. Akatundua mfuko wa vitumbua, akauweka kwenye benchi. Akaushika ule waya wa mbele, akaukunjua taratibu kutoka kwenye usukani, mpaka ukaning'inia.

"Waya huu niliufungua mie," akasema. Hakusema na Ridhiwani, alisema na watu wote. "Wa huyu, na wa Abdala, na wa nyie wote mliopita hapa. Niliwafundisha kuendesha, sikuwafundisha kusimama. Mguu wa Abdala haukukatwa na mbuzi, nimeukata mie."

Mtu mmoja akacheka, akakoma. Abdala alikunja gazeti lake. Ridhiwani bado alikuwa anatabasamu, anangoja kile kichekesho kitoke, maana utani mwema huzunguka mbali kabla haujafika.

"Ridhiwani," akasema Muhidini. "Vua miwani."

Akaivua.

"Mie na weye leo hatutaniani. Nimekwambia kwa mdomo wangu, umecheka. Nimekwenda kwa mama yako, mmecheka. Sasa mbele ya watu hawa, na leo Ijumaa, nauvunja utani. Mie si mtani wako. Mie ni kaka yako mkubwa, na nakwambia hujui kusimama, na ukiipanda hiyo sikuziki."

Kuna maneno ambayo yakishasemwa hayazoleki. Wazee waliokuwepo walitazama chini. Kuvunja utani si kugombana. Ugomvi una suluhu yake, watu huletwa wakapatanishwa wakala wali. Utani ni wa kuzaliwa nao, haujengwi wala haupatanishwi. Khamisi, muadhini, alisema neno la kumwomba Mungu msamaha, kwa sauti ya chini.

Ridhiwani aliikunja ile miwani. Usoni mwake kitu kilikuwa kinaondoka kidogo kidogo, na Muhidini alikitazama kikiondoka. Halafu yule kijana akainamisha kichwa.

"Nimekusikia, kaka," akasema.

Hakuwa amewahi kumwita kaka. Akachukua vitumbua vyake kwenye benchi, akaisukuma Tisini hatua chache, akaipiga teke ikawaka, akaenda zake na waya unapigapiga kwenye gurudumu.

Kibwana aliyasema aliyoyasema, na mengi yalikuwa kweli: kwamba ameharibiwa biashara, kwamba fundi kazi yake ni chuma, si watu. Jioni ileile akaivusha Kinyamkera kwenye kivuko, akaiuza Kusini. Ilimwua nani au ilimtajirisha nani huko, Kibiti haikusikia.

Salima naye alikasirika, ila kwa namna yake. Alikuwa anachambua ule ufuta wa Bi Tatu kwenye ungo, na bila kuinua macho akamuuliza mumewe kwa nini hakusema injini mbovu. Neno moja tu. Fundi akisema injini imekufa, nani atambishia? Kibwana angeondoka, Ridhiwani angenuna siku mbili, na Jumapili angekuja hapa kudai kitoweo chake.

Muhidini hakuwa amelifikiria. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimuumiza usiku na mchana: katika siku tatu za kuhangaika, kwenda Mkongo na kurudi, uongo mmoja mdogo haukumpitia kichwani. Akamjibu mkewe kwa ukali kwamba fundi akiisingizia injini nzima, kesho hana kazi. Salima akasema sawa. Akapepeta ufuta wake.

Toka Jumatatu ile Muhidini alianza kuwafungia watu waya zao, bure. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina. Aliwapeleka kwenye kile kipande cha lami asubuhi, kabla ya malori, akawasimamisha kandokando, akawalazimisha kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, vidole viwili tu kwenye mkono wa breki, polepole, bila kukamata ghafla. Aliwatukana wakikosea. Waliokuwa wameanza kumsema pembeni, fundi aliyejitangaza mwenyewe kuwa mkosaji, wakaja pia. Ridhiwani hakuja. Mtu akasema amefungiwa waya wake Ikwiriri, na fundi wa kule ndiye anayemfundisha. Muhidini alipolisikia hilo alisema vizuri, akaingia ndani ya banda, akatafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Miaka miwili ilipita hivyo. Walikutana kwenye ndoa na kwenye Idi. Ridhiwani alimwamkia, akamuuliza hali ya shemeji na watoto, akakaa mbali. Hakukuwa na kosa hata moja la kumshika nalo.

Kisha Bi Mwanaharusi akafa, mama yake Muhidini.

Kule kwao, mke wa mjomba akifa, mtoto wa wifi yake, yule mtani, ndiye mwenye msiba. Anaingia matangani kabla ya wafiwa wenyewe. Anavaa khanga ya marehemu, anatembea mwendo wake, anamwiga alivyokuwa akigombeza kuku. Anaficha sufuria ya wali mpaka alipwe. Kaburi likishachimbwa anaruka ndani, analala, anasema hapa ni pake, mpaka wafiwa wampe kitu chochote na macho yao yakauke kidogo. Bila hivyo msiba unabaki mzigo tupu, hakuna wa kukusaidia kuunyanyua.

Watu waliketi wakingoja. Karibu na adhuhuri ulisikika mngurumo kutoka upande wa Ikwiriri. Ridhiwani alikuja na pikipiki kubwa, ya mia na ishirini na tano, ya buluu. Alipoacha lami akapunguza, akaingia kwenye mchanga wa uwanja, watoto wakakatiza mbele yake, na akasimama. Alisimama bila kuyumba, bila kuburuza mguu, vidole viwili vimelala juu ya breki ya mbele. Muhidini aliyekuwa amekaa jamvini na macho mekundu aliviona vile vidole. Katikati ya msiba wa mama yake, moyo wake wa fundi ulisema: huyu amefaa.

Ridhiwani akavua kofia. Akaja jamvini, akampa mkono. "Pole sana, kaka. Mungu amrehemu mama." Akatoa rambirambi yake kwa aliyekuwa anapokea, akakaa na wageni. Wanawake jikoni walichungulia, wakamtazama, wakangoja. Mmoja aliiweka sufuria ya wali mahali wazi kabisa. Ridhiwani hakuigusa. Makaburini alishika jeneza kwa zamu yake, akasimama nyuma ya watu, akaitikia dua. Kaburi lilikuwa wazi, udongo wake mbichi, na hakuna aliyeruka. Wazee walitazamana. Ilibidi Khamisi aashirie mwili ushushwe.

Waliporudi, Muhidini alimwona anaaga. Akanyanyuka jamvini, jambo ambalo mfiwa hatakiwi kulifanya, akamfuata mpaka kwenye ile pikipiki ya buluu. Alikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa hai, na alijua dawa yake ni moja tu, nayo ilikuwa imesimama mbele yake ikivaa kofia.

"Mbwa weye," akamwambia. "Nani kakwambia uegeshe takataka yako kwenye uwanja wa mama yangu?"

Akangoja. Alikuwa ameuweka utani mlangoni kabisa, hata mtoto angejua pa kukanyaga.

Ridhiwani aligeuka. Akamtazama kaka yake usoni, macho mekundu, akaona mtu mwenye hasira, na hasira za Muhidini zilijulikana Kibiti nzima. Akainamisha kichwa.

"Samahani, kaka," akasema. "Sikujua. Naiondoa sasa hivi."

Akaikunja stendi kwa mguu, akaisukuma kwa mkono mchangani mpaka barabarani, bila kuiwasha, kwa heshima ya wafiwa.